Jinsi ya Kuishi na Harufu ya Mkojo wa Paka Suneka Bila Kumwona Daktari

Kuna nyumba Suneka ambazo mgeni huelekezwa kwa pua. Shuka stejini, pita agroveti, ukianza kukunja uso piga hodi. Kama unafuga paka na nyumba yako haijapata sifa hiyo, basi humkosei kwa utaratibu, na mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako. Hautaki pesa wala kisomo. Unataka ushike imani moja tu bila kutikisika: paka akikojoa kwenye kochi, kosa ni lake, na dawa iko kwa jirani.

Anza kwa kumnyima choo. Hilo halina kazi, maana huku kwetu karibu kila mtu anakubali kwamba paka ni mnyama wa nje. Ana mgomba, ana shimo la taka, ana shamba la mahindi la watu wengine. Hoja nzuri kabisa, ila iliyosahau kwamba hapa ni Kisii. Mvua yetu ina ratiba. Asubuhi jua linawaka, watu wanaanika nguo. Kufikia saa tisa mawingu yameshakusanyika, na jioni inanyesha mpaka matatu za Migori zinawasha taa kabla ya wakati. Paka wa nyumbani ametokana na paka-mwitu wa nchi kavu, na hana nia yoyote ya kuchuchumaa kwenye tope chini ya jani la mgomba linalotiririka. Atasubiri. Atazungukazunguka. Mwishowe atagundua gunia la mahindi lililoegemezwa ukutani, kavu, linalokwaruzika vizuri, na ambalo hakuna mtu analilinda.

Hata siku ya jua, huko nje si kwake peke yake. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, zaidi ya 950 kwa kila kilomita ya mraba. Paka hawakuhesabiwa, lakini baba akishawagawia wana shamba, na wana wakawagawia wajukuu, paka nao hubanana kwenye vipande hivyo hivyo. Dume la boma la pili limekaa juu ya ua linatazama. Mbwa wa boma la tatu hufunguliwa magharibi. Kwa hiyo paka anayechungulia mlangoni kisha akarudi ndani ameona njia imefungwa. Wewe mwite mvivu, umtoe kwa ufagio. Hofu ni kiungo muhimu sana katika mapishi haya, na utaona sababu yake baadaye.

Sasa, kuna hatari kwamba kijana anayesoma Nairobi atakuja likizo aseme paka anahitaji choo cha ndani. Usibishane naye. Kubali, halafu uvuruge. Chagua karai dogo kiasi kwamba paka akigeuka, mkia na nusu ya makalio viko nje. Wanaojua wanasema sanduku liwe refu mara moja na nusu kuliko paka mwenyewe, na idadi ya masanduku izidi idadi ya paka kwa moja: paka wawili, masanduku matatu. Ukiwa na paka watatu na karai moja umeshafaulu nusu ya mtihani. Nusu iliyobaki ni kuliweka karai hilo jikoni, ubavuni mwa sahani yake ya chakula, kwa hoja kwamba mnyama hajui. (Anajua. Hakuna mzee wa Kigusii aliyewahi kuchimba choo mlangoni pa jiko, na paka ana msimamo huo huo.)

Cha kutia ndani ya karai ni suala linalostahili muda, kwa sababu hapa ndipo uchumi na uhodari wetu hukutana. Majivu ndiyo chaguo la kwanza la kila nyumba inayopika kwa kuni. Ni ya bure na yanazima harufu kidogo, ndiyo maana Wamarekani nao waliyatumia hadi mwaka 1947. Mwaka huo, katika jimbo la Michigan, mama mmoja aitwaye Kay Draper alichoka na nyayo nyeusi za paka nyumba nzima, akaenda kwa jirani yake, Edward Lowe, kumwomba mchanga. Lowe alikuwa akiuza udongo mkavu wa mfinyanzi wa kunyonyea mafuta yaliyomwagika kwenye karakana. Akampa huo. Mama akarudi kuomba mwingine, na Lowe, badala ya kulalamika juu ya majirani waombaji kama ambavyo sisi tungefanya, akaufunga kwenye mifuko, akauuza, akatajirika. Wewe usifuate njia ya Lowe. Baki na majivu, ufurahie nyayo kwenye vitambaa vyeupe vya kochi ulivyofuma mwenyewe kwa kijiti.

Ukichoka na majivu, kuna unga wa mbao kwa seremala, ambao si mbaya hata kidogo kama mbao haikupakwa dawa na unga wenyewe umechekechwa ili vumbi jembamba litoke. Kwa hiyo usiuchekeche. Wengine watakuletea unga wa mawe kutoka Tabaka, kule wachonga sanamu wanakouzoa kwa koleo. Unapendeza macho, ni mweupe na laini. Lakini jiwe la sabuni limejaa talki, na talki haipatani na maji. Mkojo utakaa juu, vumbi litapanda kwenye mapafu yako na yake, na watalii wataendelea kununua sanamu ya paka iliyochongwa kwa jiwe hilo, ambayo faida yake ni kwamba haikojoi.

Kitu ambacho hupaswi kabisa kufanya ni kumchunguza paka mwenyewe anachagua nini. Ukimchunguza utaona kwamba kila jirani anapoanza kujenga na lori likamwaga mchanga wa mto kando ya njia, paka wa mtaa mzima wanahamia hapo. (Fundi wa plasta akikuambia mchanga una harufu, ujue hakosei.) Wameshajibu swali: mchanga laini usio na manukato, kina cha vidole vitatu hivi, mahali patulivu, pa kuchimba na kufukia. Debe moja la mchanga uliooshwa na kuanikwa lingetosha. Epuka jambo hili, litakuharibia mwongozo wote.

Karai likishapatikana, usizoe. Ngoja hadi Jumamosi. Na kazi hiyo mpe mke wa mwanao, hasa akiwa mjamzito, maana ndivyo kazi chafu zinavyogawanywa katika maboma mengi. Sasa, kinyesi cha paka kinaweza kubeba kijidudu cha toksoplazma, ambacho ni hatari kwa mtoto aliye tumboni. Kijidudu hicho kikitoka huhitaji siku moja hadi tano kabla hakijaweza kuambukiza mtu, kwa hiyo karai linalozolewa kila siku na mtu mwingine lina hatari ndogo, na linalozolewa Jumamosi na mjamzito limetimiza masharti yote ya madhara. Taka zenyewe zimwage kwenye kitalu cha sukuma wiki na managu, karibu na jiko. Wanaozifukia mbali na mboga hawana haraka ya maisha.

Kufikia hapa kochi litakuwa limepata kibali cha kudumu, na siku ya chama kufika kwako imekaribia. Akina mama wanaingia, wanakaa, chai inamiminwa. Mmoja anainua kitambaa cha kochi kidogo kwa vidole viwili, anakirudisha mahali pake taratibu, anasogea upande wa dirisha, anauliza kama mmebadilisha rangi ya ukuta. Hakuna aliyesema neno. Wakishaondoka, kimbilia Jik. Imwage nyingi, milango ikiwa imefungwa. Mkojo hutoa amonia, na amonia ikikutana na Jik hutoa mvuke unaokaba koo. Utakohoa, utalia machozi, na utaamini dawa imeingia kazini. Kesho yake paka atanusa pale pale na kurudia, kwa sababu pua yake inapita yako kwa mbali, na kilichooshwa ni juu tu. Sabuni, maji mengi, kisha siki iliyozimuliwa, halafu mto wa kochi uanikwe juani mchana kutwa, ndiyo kazi ya watu wasio na haraka. Dettol nayo ni sumu kwa paka, hasa anapojilamba miguu baada ya kuikanyaga. Lakini inanukia hospitali, na harufu ya hospitali inatupa imani.

Usisahau kumsugua pua kwenye mkojo wake. Hajifunzi chochote, ila anajifunza kukuogopa wewe na kutafuta kona ambayo huijui.

Tuje kwenye chakula. Mpe omena mkavu, asubuhi na jioni, mwaka hadi mwaka, na maji asahau. Paka amerithi kwa wale babu zake wa nchi kavu figo zinazobana maji na kutoa mkojo mzito, na hajui kuhisi kiu mapema; maji yake mengi huko porini aliyapata ndani ya panya aliyemla. Ukimlisha kavu bila maji, mkojo unazidi kuwa mzito, na madini yaliyomo yanaanza kuganda kuwa chembe, kisha vijiwe. Wapo wakorofi wanaoloweka omena, au kuuchemsha bila chumvi na kumpa pamoja na mchuzi wake, na kuweka mabakuli mawili ya maji safi mbali na sahani ya chakula. Paka wa watu hao hukojoa sana, tena karaini. Wewe mpe kikombe cha maziwa, aharishe, upate jambo la pili la kushughulikia.

Sasa paka ameanza kukojoa kidogo kidogo kila mahali, mara nyingine na damu. Ni wakati wa majirani. Wa kwanza atasema paka ana kinyongo, anakulipiza kwa kuwa ulimletea mwenzake. Wa pili atasema ni baridi ya sakafu ya saruji. Wa tatu ana nusu ya kidonge cha Panadol pochini. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka mzima, kwa kuwa ini lake halina njia ya kukivunja: uso unavimba, ufizi unageuka rangi ya udongo, anakosa pumzi. Nusu yake haina nia njema zaidi.

Kama unataka huduma ya kitaalamu, nenda agroveti.

"Nataka dawa ya mkojo."

"Ng'ombe ana kilo ngapi?"

"Si ng'ombe. Ni paka."

"Aah. Basi, mama, punguza."

Utarudi na sindano ya antibiotiki ya ng'ombe na makisio. Hapa nataka usimame kidogo, kwa sababu hili ndilo linalowafanya washauri wetu wawe na heshima wasiyoistahili. Kwa paka asiyefika miaka kumi, kibofu kikiwaka, mara nyingi hakuna bakteria hata mmoja wa kuuawa na sindano hiyo. Ni kibofu kilichovimba chenyewe, na moja ya mambo yanayokiwasha ni wasiwasi: mbwa wa jirani, paka mgeni, ufagio, kuhama, kelele za matanga ya wiki nzima. Uvimbe huo, kama njia haijaziba, mara nyingi hutulia wenyewe katika muda wa wiki moja hivi. Kwa hiyo aliyechoma sindano anaona imefaulu. Aliyepaka mafuta ya kupaka tumboni naye anaona amefaulu. Aliyeombea, vivyo hivyo, na hata yule aliyesema ni baridi ya saruji akaleta gunia la kulalia anapewa shukrani zake. Kila mmoja anaondoka na ushahidi, na ushahidi huo atautumia kwa paka wa mtu mwingine.

Wapo pia watakaomwogesha paka anayenuka kwa dawa ya kupe ya ng'ombe. Kisii na Nyamira ni nchi ya pareto, wazee wetu waliichuma kwa vikapu, na ua lile halikumdhuru mtu. Ndiyo sababu hatuziogopi dawa zilizoitwa kwa jina lake. Lakini ndugu zake waliotengenezwa maabara na kutiwa kwenye dawa hizo, kama permethrini, humtia paka kifafa na kumuua.

Kabla ya kulitaja jambo zito, tumalize la madume wanaopiga ukuta. Dume anayesimama wima, mkia juu unatetemeka, akanyunyiza mlango, haumwi. Anaandika jina. Dawa yake ni kuhasiwa. Madume karibu tisa kati ya kumi hupunguza sana tabia hiyo au huiacha kabisa. Lakini hapa Suneka utakutana na upinzani wa ajabu kutoka kwa wanaume. Mzee ambaye amehasi mafahali tangu ujana wake, aliyeshika koleo bila kupepesa macho na kurudi kunywa chai, ukimtajia paka anakunja miguu. "Mwonee huruma, ni mwanaume mwenzetu." Basi mwonee huruma, uendelee kufuta mlango. Nairobi walikwenda mbali zaidi: mwaka 2024 kaunti ilipendekeza mswada wa kumtoza mwenye paka shilingi 200 kwa mwaka kwa ajili ya leseni, na kumtaka asimwache paka wake apige makelele ya kusumbua watu. Wenye paka walikasirika sana. Wangejua tu kwamba bei ya kutohasi ni kubwa zaidi.

Sasa lile jambo. Dume anaingia karaini, anachuchumaa, anakaza. Anatoka. Anarudi. Anahamia bafuni, anachuchumaa tena. Hakuna tone. Anajilamba chini bila kukoma, analia kwa sauti nzito, na ukimgusa tumbo la chini unakuta kitu kigumu kama chungwa. Majirani watasema amefunga choo, mpe kijiko cha mafuta ya kupikia. Wengine, kwa kuwa ni usiku na sauti ni ile, watasema paka huyu ametumwa, na watatazama upande wa nyumba ya magokoro, bibi kizee anayeishi peke yake. Kejeli yangu inaishia hapo. Oktoba 2021, huko Marani, kaunti hii hii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa tuhuma za uchawi. Anayesikia paka mgonjwa akataja jina la kikongwe anacheza na uhai wa mtu.

Mrija wa mkojo wa paka dume ni mwembamba mno, na chembe chache pamoja na ute zinatosha kuuziba. Mkojo ukikosa pa kutokea, sumu ambayo figo zilipaswa kuitoa inarudi kwenye damu, na potasiamu inapanda mpaka inausimamisha moyo. Siku ya kwanza ataacha kula na ataanza kutapika. Ya pili atalala tu, baridi, na mwenye nyumba atafurahi kwamba ametulia. Wengi hawaimalizi ya tatu. Usimminye tumbo ili akojoe, kibofu kinaweza kupasuka. Usimpe mafuta, Panadol wala maziwa. Usimsubirie asubuhi, hata kama mvua inanyesha na boda wanataka bei ya usiku. Mtie kwenye kapu lenye kifuniko, na shuka ndani, umpeleke.

Utakapofika, daktari atamlaza kwa dawa ya usingizi, atapitisha kijimrija laini kuzibua njia, atamtundikia maji, na huenda akakaa naye siku kadhaa. Shida ni kwamba madaktari wengi wa mifugo wa huku siku zao hupita kwenye ng'ombe, na kijimrija cha dume la paka ni kitu ambacho si kila mtu anacho begini. Ndiyo maana simu hutangulia kapu. Uliza kama anacho, na akikuelekeza kwa mwenzake wa Kisii mjini au hata Kisumu, ondoka saa hiyo hiyo.

Namba yenyewe itafute leo, paka akiwa mzima anaota jua mlangoni. Iwe ya daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo. Na siku ukiipiga, usianze na salamu ndefu za mashamba na watoto. Mwambie ni paka, ni dume, na hajakojoa tangu saa ngapi.